Ndege Ndogo na Kwaya za Mbali

(Hotuba mbele ya kwaya za usharika)



Desturi ya kwaya kutembeleana haihitaji kuelezwa katika ukumbi huu. Barua ya mwaliko huja, siku hupangwa, gari hukodiwa, na sare hukunjwa vema ndani ya mifuko zisije zikaingia vumbi la njiani. Kwaya mwenyeji hupika, kwaya mgeni huimba, na jioni, kabla ya kuagana, kwaya zote mbili husimama pamoja na kuimba wimbo unaojulikana na wote. Mambo yatakayoelezwa leo ni ya watu wa nchi nyingine wafanyao jambo lilo hilo, ila kwa chombo kisichozoeleka. Nchini Marekani wako waimbaji wenye leseni ya urubani ambao, kazi za juma zikiisha, hupanda ndege ndogo ya injini moja na kuvuka majimbo mawili au matatu, ili jioni moja wakasimame katika safu ya kwaya isiyo yao.

Katika Afrika Mashariki wengi huijua ndege ndogo kuwa chombo cha daktari. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliianzisha huduma ya madaktari wa angani, na Wood mwenyewe alikuwa rubani. Kwa hiyo ndege ya namna hiyo ikitua kwenye uwanja wa majani, swali la kwanza ni nani anayeumwa. Kwamba mtu aweza kuirusha ili akaimbe besi, hilo laonekana kuwa anasa, na kwa sehemu ni anasa kweli. Hata hivyo, ukubwa wa nchi ile lazima ufikiriwe. Kutoka pwani hadi pwani ni zaidi ya kilomita 4,000. Viwanja vya ndege vilivyo wazi kwa umma ni takriban 5,000, na mashirika ya abiria huhudumia mia tano hivi tu kati ya hivyo. Miji midogo yenye kwaya nzuri haifikiwi na ndege kubwa kabisa, lakini ina ukanda wa lami nje ya mji, pampu ya mafuta, na mara nyingi gari moja kuukuu ambalo rubani mgeni huachiwa funguo zake bila malipo, kwa sharti la kulirudisha likiwa na petroli.

Ndege inayopatikana kwa wingi ni Cessna 172, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1956 huko Wichita, katika jimbo la Kansas. Zaidi ya 44,000 zimekwisha kuundwa, idadi isiyofikiwa na ndege nyingine yoyote. Bawa lake liko juu ya kichwa cha abiria, mwendo wake ni kilomita 220 hivi kwa saa, na katika saa moja hunywa lita thelathini na kitu za mafuta yaliyotiwa rangi ya buluu ili yasichanganywe na mengine. Safari ya Wichita hadi Dallas, ambayo kwa gari huchukua sehemu kubwa ya siku, huisha kwa saa mbili na nusu au tatu.

Ina viti vinne. Hapo mwimbaji wa sauti nne hufurahi upesi, akidhani kwamba kundi zima litaingia. Halitaingia. Mzigo ambao ndege hiyo yaweza kuinua, mafuta na watu pamoja, ni karibu kilo 400. Matangi yakijazwa, kilo 150 au pungufu kidogo zimekwisha kuliwa na mafuta, na zilizobaki zatosha wanaume watatu wenye mwili wa kawaida na vifurushi vyao. Mmoja wao itambidi asafiri kwa gari, au mafuta yapunguzwe na ndege itue njiani kujaza tena. Mizani haijali kama aliyeachwa ni teno peke yake.

Sheria nayo ina la kusema. Leseni ya rubani wa binafsi hupatikana baada ya saa zisizopungua 40 za mafunzo, na wengi huhitaji zaidi. Mwenye leseni hiyo haruhusiwi kulipwa kwa kubeba abiria. Aweza tu kugawana nao gharama za safari ile, naye akitoa fungu lake sawasawa na wengine. Anayeruka kwenda kuimba, basi, hutoboa mfuko wake mwenyewe.

Sasa yafaa kueleza ni kwaya gani hizo. Uimbaji unaofaa zaidi safari za namna hii ni ule uitwao wa kinyozi, kwa sababu chimbuko lake linahusishwa na vibanda vya vinyozi, mahali ambapo wanaume walingoja zamu yao huku wakiimba. Hauna kinanda wala gitaa. Sauti ni nne. Inayobeba wimbo si ya juu kabisa, bali ni ya pili; teno huimba kwa wepesi juu yake, besi hushika msingi, na baritoni huokota noti zilizobaki, hata ikiwa ni vigumu kuziimba. Filimbi ndogo hutoa noti ya kuanzia, kisha hunyamaza, na kuanzia hapo kila mwimbaji hana msaada ila masikio yake. Noti zote nne zikikaa sawasawa, bila sauti kutetemeka, husikika juu yake sauti ya tano ambayo hakuna aliyeiimba. Hilo si muujiza. Ni mitetemo ya hewa inayoafikiana na kutiana nguvu. Lakini aliyewahi kuisikia yuko radhi kusafiri mbali aisikie tena.

Chama kikuu cha uimbaji huo kilianza Tulsa, Oklahoma, tarehe 11 Aprili 1938, watu 26 walipoitikia mwaliko wa O. C. Cash na Rupert Hall. Husimuliwa kwamba wawili hao, wote wakazi wa Tulsa, walikutana katika hoteli moja ya Kansas City wakati hali mbaya ya hewa ilipozuia ndege kuondoka, wakaimba kupitisha muda. Jambo hilo linastahili kukumbukwa na kila rubani mwenye haraka. Wanawake walianzisha chama chao katika mji uo huo mwaka 1945.

Mgeni aweza kupokelewa katika kwaya asiyoijua kwa sababu chama kiliteua nyimbo fupi 12 ambazo kila mwanachama hushauriwa kuzijua kwa moyo, kila mmoja kwa sauti yake. Anayezijua akiingia ukumbini mahali popote, watatu wengine wakapatikana, wimbo huanza. Aidha viko vipande vifupi vya mwisho wa nyimbo, ambavyo hufundishwa kwa kusikia tu, dakika chache, katika ujia au uwanjani penye magari. Kwaya nyingi hukutana jioni moja kila juma, na si chache hufanyia mazoezi katika kumbi za makanisa. Mgeni huulizwa anaimba sauti gani, hupewa nafasi katikati ya wenyeji wawili wa sauti hiyo, na mazoezi huendelea. Wimbo ule ule, hata hivyo, si ule ule kila mahali. Kwaya moja huvuta pumzi baada ya mstari wa kwanza, nyingine huunganisha mistari miwili. Moja hukaza neno ambalo nyingine hulipitia kimya. Mgeni mwenye busara huimba nusu sauti kwa dakika kumi za mwanzo.

Ni lazima pia lielezwe jambo ambalo vitabu vya sherehe hupenda kuliruka. Mlango huo wa ukarimu haukuwa wazi kwa wote. Uimbaji wenyewe ulikuwa umekuzwa sana na Wamarekani weusi. Mtafiti Lynn Abbott alilionyesha hilo kwa ushahidi mwingi mwaka 1992, na Louis Armstrong alipokuwa mtoto aliimba katika kundi la wavulana wanne barabarani New Orleans ili apate senti. Lakini chama cha Tulsa kiliwakataa watu weusi. Mwaka 1941 kundi la wapagazi weusi wa kituo cha reli cha Grand Central lilishinda New York, kisha likazuiwa kushindana katika mashindano ya taifa huko St. Louis. Al Smith, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo, na Robert Moses walijiuzulu chamani kwa kupinga kitendo hicho. Kizuizi kiliondolewa mwaka 1963 tu. Chama cha wanawake nacho kilikuwa na kizuizi cha rangi, na baadhi ya kwaya zilijitoa kwa sababu hiyo zikaunda umoja wao mwaka 1959. Chama cha wanaume kilifungua uanachama kwa wanawake mwaka 2018.

Angani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Bessie Coleman, mzaliwa wa Texas, hakupata shule ya urubani ya kumpokea nchini mwake, akaenda Ufaransa na kupata leseni huko mwaka 1921. Na mwaka 1932 James Banning na Thomas Allen walikuwa marubani weusi wa kwanza kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani. Hawakuwa na fedha. Walitua mji kwa mji, wakapewa chakula, mafuta na malazi, na kila aliyewasaidia aliandika jina lake kwenye ncha ya bawa. Safari ilichukua siku 21, ingawa muda wa kuwa angani ulikuwa saa 41 na dakika 27. Siku zilizobaki zilitumika kutafuta mafuta na kurekebisha injini katika miji ya watu. Hata kama wangalikuwa waimbaji hodari, katika miaka iliyofuata zisingalikosekana kwaya ambazo zingaliwafungia mlango.

Turudi kwa mwimbaji wa siku hizi aliye njiani. Sauti yake iko hatarini kabla ya kufika. Ndani ya ndege ya injini moja kelele ni kubwa, na asiyeziba masikio kwa vifaa vyake hutua akiwa na mlio kichwani, asiweze kusikia vema noti ya jirani yake. Mafua, ambayo mwalimu wa kwaya huyalalamikia kwa sababu ya koo, kwa rubani yana ubaya mwingine: njia ya hewa ya sikio ikiziba, kushuka kutoka juu huleta maumivu makali, na ngoma ya sikio yaweza kupasuka. Mwenye mafua abaki nyumbani, kwa faida ya pande zote mbili.

Na yako magonjwa ambayo msafiri huweza kuyapeleka kwa wengine. Tarehe 10 Machi 2020, huko Mount Vernon katika jimbo la Washington, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya kwa muda wa saa mbili na nusu. Kutokana na mazoezi hayo wanakwaya 53 walihesabiwa kuwa wameugua korona, na wawili wakafariki. Hakuna aliyefanya uzembe kwa ujuzi wa siku zile. Kwaya kote nchini zikanyamaza, na mashindano makuu ya kinyozi yakafutwa mwaka 2020 na mwaka 2021.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi kwa mwimbaji arukaye imo katika kiungo anachokiamini kuliko vyote, yaani sikio. Ndani ya sikio, nyuma ya sehemu ya kusikia, mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, ambayo humwambia mtu kichwa chake kinageukia wapi. Ardhini hufanya kazi vizuri kwa kuwa macho husaidia. Ndani ya wingu, macho hayana cha kuona. Ndege ikianza kugeuka polepole, majimaji yale baada ya muda mfupi huenda sawa na mwendo wa ndege, na rubani huhisi kwamba ananyooka. Akiinyoosha ndege kweli, huhisi kwamba anageuka upande wa pili, naye huirudisha kwenye mgeuko ule ule. Ndege huanza kushuka kwa mzunguko. Rubani huvuta usukani ili apande, na kwa kufanya hivyo huukaza mzunguko zaidi. Mwaka 1954 katika Chuo Kikuu cha Illinois marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kutazama vyombo walijaribiwa katika hali iliyofanana na kuingia wingu. Wote 20 walipoteza uongozi wa ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178, chini kidogo ya dakika tatu. Nyimbo nyingi za kwaya ni ndefu kuliko hapo.

Mwimbaji aliyefunzwa miaka mingi kusikiliza na kutii anachosikia hana budi kujifunza kinyume chake akiwa katika wingu: akatae anachokihisi, akatazame vyombo vilivyo mbele yake. Mafunzo hayo yapo, yana leseni yake ya nyongeza, na huhitaji saa 40 nyingine za kuruka kwa vyombo. Asiyekuwa nayo hana ruhusa ya kuingia wingu. Sehemu nyingi mchana sheria humtaka aone mbele maili tatu, karibu kilomita tano, la sivyo asiondoke.

Wengi wameondoka. Tarehe 3 Februari 1959, usiku wa theluji, Buddy Holly, Ritchie Valens na J. P. Richardson walipanda ndege aina ya Bonanza baada ya kuimba Clear Lake, Iowa, kwa kuwa basi lao lilikuwa halina joto na Richardson alikuwa na homa. Rubani alikuwa kijana wa miaka 21 asiyekuwa na leseni ya kuruka kwa vyombo. Ndege ilianguka kilomita chache tu kutoka uwanjani, wote wanne wakafa. Jim Reeves, ambaye sauti yake ya upole ilisikika sana redioni katika Afrika Mashariki, hata nyumba zisizojua Kiingereza zikamjua, alikuwa akirusha ndege mwenyewe tarehe 31 Julai 1964. Hakuwa akitoka kuimba. Alikuwa amekwenda Arkansas kwa shughuli ya ardhi pamoja na mpiga piano wake, Dean Manuel. Karibu na Nashville waliingia katika mvua ya radi. Miili ilipatikana tarehe 2 Agosti, baada ya watu wengi kuitafuta msituni. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Habari ya Patsy Cline ndiyo inayofaa kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu ndani yake kila mtu alitenda kwa nia njema. Tarehe 3 Machi 1963 aliimba Kansas City katika onyesho la kuchangia familia ya mtangazaji wa redio aliyekufa kwa ajali ya gari. Kesho yake ukungu uliwazuia kuondoka. Mwimbaji mwenzake Dottie West alimpa nafasi katika gari lake, safari ndefu ya barabara hadi Nashville. Cline akachagua kungoja ndege, kwa kuwa alitaka kuwahi kwa watoto wake. Tarehe 5 waliondoka, yeye, Cowboy Copas, Hawkshaw Hawkins, na Randy Hughes, meneja wake, aliyekuwa rubani. Jioni walitua Dyersburg, Tennessee, kujaza mafuta. Msimamizi wa uwanja ule aliwaeleza kwamba mbele kuna mvua na upepo mkali, akawashauri walale pale. Walikuwa wamebakiza mwendo usiofika saa moja na nusu. Wakaondoka saa kumi na mbili na dakika chache jioni. Ndege ilianguka msituni karibu na Camden, kilomita 145 hivi kabla ya Nashville. Hughes hakuwa na mafunzo ya kuruka kwa vyombo.

Marubani wa Marekani wana jina la mzaha kwa hali hiyo, nao huitaja kana kwamba ni ugonjwa: homa ya kufika. Huwashika hasa wale wanaongojwa mahali. Mtu anayeruka bila miadi hugeuza ndege bila uchungu akiona wingu. Lakini mwenye kungojwa na watu hamsini waliokwisha kupanga viti huanza kuhesabu, kwamba wingu si jeusi sana, kwamba amebakiza dakika ishirini tu, kwamba baritoni ni wachache. Kwa hiyo baadhi ya waimbaji hao wamejiwekea desturi: mwaliko huitikiwa kwa maneno ya sharti, ikiwa hali ya hewa itaruhusu, na kiongozi wa kwaya huambiwa mapema asimpe mgeni sehemu ambayo bila yeye haiimbiki. Kiongozi aliyezoea huelewa. Kiongozi asiyezoea huudhika mara ya kwanza, hasa ikiwa kwake jua linawaka.

Mgeni akifika salama, huifunga ndege kwa kamba tatu, mbili za mabawa na moja ya mkia, huufunika mrija wa upepo ili nyigu wasijenge ndani yake, na hukuta mwanakwaya mmoja amekuja kumchukua. Mazoezi huisha usiku. Wachache hubaki wakiimba vipande vya mwisho mlangoni hadi mwenye funguo za ukumbi azime taa. Mgeni hulala kwa mmoja wa wenyeji, na asubuhi, kabla ya chai, hutoka uani kutazama mbingu, kisha hutafuta taarifa za viwanja vyote vilivyo njiani. Ikiwa ukungu umekaa chini hata vilele vya miti havionekani, hupiga simu nyumbani na kazini kusema kwamba atachelewa siku moja, huvua viatu, na kurudi mezani, ambako mwenyeji wake amekwisha kuweka kikombe cha pili.